Mpima, mhandisi, fundi au mthamini: nani umwite kabla ya kulipia nyumba mpya

"Bosi, nyumba mpya hii, utakagua nini? Hata mjusi hajaingia."

Dalali aliniambia hivyo pale Goba, Dar es Salaam, huku anafungua mlango ambao ulikuwa bado na nailoni ya dukani. Tulicheka wote. Ulikuwa mwezi wa Agosti, jua limepamba, vigae vinang'aa, rangi inanukia. Nikamleta fundi wangu wa siku nyingi. Aligonga hapa na pale, akafungua mabomba yote, akapanda darini, akashuka na kusema nyumba nzuri. Nikalipa.

Aprili iliyofuata, masika ilipokolea, kuta tatu zilianza kuota unga mweupe kutoka usawa wa goti kwenda chini. Rangi ilibanduka vipande vipande, makabati ya chumbani yakanuka uvundo. Kumbe pevingi za nje zilikuwa juu kuliko jamvi, yaani zege la sakafu ya ndani, na kati ya msingi na ukuta hapakuwekwa ile nailoni ngumu ambayo mafundi huiita dipisii. Maji ya mvua yalikuwa yanapanda ukutani taratibu kama mafuta ya taa kwenye utambi. Nilitumia miezi minne na hela nyingi kurekebisha, na hadi leo ukuta mmoja haujapona vizuri.

Fundi wangu hakunidanganya. Alitazama kazi anayoijua, akanipa jibu la kazi anayoijua. Mimi ndiye niliyemwita mtu mmoja nikadhani nimewaita wote. Tangu siku hiyo ndugu na marafiki wakitaka kununua nyumba mpya huniuliza wamwite nani, na jibu langu huwa refu kuliko walivyotarajia, kwa sababu watu wenyewe ni wanne na kila mmoja ana swali lake. Naliandika hapa kwa wanaonunua Tanzania, hasa Dar es Salaam, ambako nyumba za kujengwa na kuuzwa zimejaa kuanzia Goba na Madale hadi Kibada na Chanika.

Mthamini: huyu kaja kwa ajili ya benki

Naanza naye kwa sababu ndiye anayepotosha watu wengi bila kukusudia. Ukinunua kwa mkopo wa nyumba, benki itadai ripoti ya uthamini. Mtu anakuja na kamera na tepu, anazunguka nyumba nzima, anapima vyumba, anapiga picha mpaka choo cha nje. Wewe unayelipia ripoti hiyo unajiambia nyumba imekaguliwa.

Haijakaguliwa. Mthamini anatafuta bei. Ripoti yake ina thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka, yaani kiasi ambacho benki inaweza kupata ikilazimika kuipiga mnada usipolipa. Ukisoma kurasa za mwisho, zile ambazo hakuna anayezisoma, mara nyingi utakuta ameandika wazi kwamba hakupima uimara wa jengo, hakufukua msingi, na amechukulia kuwa sehemu zisizoonekana ziko salama. Hilo si uzembe. Kazi hiyo ina sheria yake, ya mwaka 2016, na bodi yake ya usajili, na mipaka yake inajulikana. Kwa nyumba yangu thamani iliyoandikwa ilikuwa sahihi kabisa kwa bei za Goba za mwaka ule. Unyevu haukuwa swali lake.

Faida yake kwako ipo moja: kama bei anayotaka muuzaji imeruka mbali na thamani ya soko, una karatasi ya kujadiliana nayo. Basi.

Mpima ardhi: anayesahaulika kuliko wote

Ukuta mbovu unabomolewa ukajengwa upya. Bati linabadilishwa. Nyumba iliyosimama mahali pasipo pake haina fundi.

Mpima hatazami nyumba. Anachukua ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, anazitafuta bikoni, zile alama za zege za mpaka, anasoma namba zilizogongwa juu yake, kisha anazilinganisha na vipimo vya ramani kwa mashine yake. Kwa kiwanja cha kawaida cha mjini kazi ya uwandani humalizika ndani ya siku moja. Atakwambia kama fensi imeingia kwa jirani, kama karo la maji taka liko nje ya mpaka, kama kiwanja unachooneshwa ndicho kilichoandikwa kwenye hati. Hili la mwisho linatokea kuliko unavyofikiri: hati ni halali, nyumba ni halali, ila hati ni ya kiwanja cha tatu kutoka hapo.

Atakwambia pia umbali. Wakazi wa Kimara hawahitaji kuelezwa maana ya umbali. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya barabara ya Morogoro zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, na miongoni mwake zilikuwemo nyumba nzuri za watu waliokaa hapo miaka. Kwa upande wa mito na bahari, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60. Dalali anayekwambia "hapo chini kuna kamto tu, kiangazi hakana maji" amekupa taarifa muhimu sana bila kujua.

Wauzaji husema eneo limepimwa, hakuna haja ya mpima. Maeneo yaliyopimwa kwa mpango, kama yale ya Mradi wa Viwanja 20,000 huko Kibada na Buyuni, kweli yana nafuu kubwa. Lakini bikoni hung'olewa na katapila, hufukiwa na kifusi, na wengine huzihamisha usiku. Kupimwa mwaka 2004 hakuthibitishi fensi iliyojengwa mwaka jana.

Angalizo dogo: mpima hachukui nafasi ya upekuzi wa hati kwa msajili wala ya mwanasheria. Anakwambia ardhi iko wapi. Ya nani, hilo waulize wengine.

Fundi na mhandisi: hapa ndipo penye mashindano

Wengi wetu swali letu halisi ni hili: nimlipe fundi wa mtaani kwa siku, au nimlipe mhandisi aliyesajiliwa kwa bei inayouma?

Tumtendee fundi haki. Fundi mzuri, aliyejenga miaka ishirini, ana jicho ambalo wahandisi wengi vijana hawana. Atagonga vigae kwa sarafu na kusikia vinavyolia kama debe tupu, ambavyo ndani ya mwaka vitanyanyuka. Atamwaga ndoo ya maji bafuni akitazama yanaelekea kwenye tundu au yanaelekea mlangoni. Atafungua mabomba yote kwa pamoja halafu avute maji ya choo, aone kama presha inakufa. Atapanda darini kutazama kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa: mbao zimepakwa dawa ya mchwa au ni nyeupe kama zilivyotoka sokoni? Bati atalibonyeza kwa kidole gumba akwambie ni geji 28 kweli au umeuziwa geji 32 kwa bei ya 28 (na kumbuka namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, wauzaji hupenda kuwachanganya watu hapo). Soketi moja moja ataichomeka testa.

Kuhusu tofali, fundi ana ujuzi wa mtaani ambao hauko kwenye vitabu. Mfuko mmoja wa saruji unaotoa tofali thelathini hivi za inchi sita ni kazi ya heshima. Wapo wanaoukamua mpaka zinafika hamsini, tena hawazimwagilii maji siku za mwanzo. Tofali la namna hiyo ukilikwangua kwa msumari linamwagika mchanga. Tatizo nyumba ikishapigwa plasta na rangi tofali huzioni. Fundi mjanja ataenda stoo, nyuma ya tanki, ndani ya shimo la chemba, mahali ambapo plasta haikufika, akwangue pale.

Udhaifu wa fundi uko sehemu tatu. Kwanza, haandiki. Anakwambia "iko poa" au "hapa pana shida kidogo", nawe siku ya ugomvi na muuzaji huna kitu mkononi. Pili, huenda ni rafiki wa fundi aliyejenga, au kaletwa na dalali, na hapo umelipia kusikia unachotaka kusikia. Tatu, ndilo lililonigharimu mimi: anatazama umaliziaji kuliko muundo, kwa kuwa umaliziaji ndio anaoitiwa kila siku.

Mhandisi anaanza kwa karatasi kabla ya ukuta. Yuko wapi msanifu, ramani zilizopitishwa ni zipi, kibali cha ujenzi kiko wapi, mkandarasi alikuwa nani, udongo ulipimwa? Kwa nyumba ya ghorofa ataomba majibu ya vipimo vya zege, zile bloku ndogo za milimita 150 zinazovunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Muuzaji asipokuwa navyo, mhandisi anaweza kutumia nyundo maalumu inayopima ugumu wa zege kwa kudunda, na akitilia shaka zaidi ataomba sampuli ikatwe. Nyufa anazisoma kama daktari anavyosoma picha: ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi ni plasta kukauka haraka, ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kupanda ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya tofali unaweza kuwa msingi unaotitia. Ufa uliozibwa na kupakwa rangi upya wiki moja kabla hujafika, huo ndio utakaomsimamisha muda mrefu.

Angenisaidia Goba? Kwa dakika kumi tu, naamini. Angesimama nje, atazame usawa wa pevingi na usawa wa sakafu ya ndani, aulize maji ya mvua yanaenda wapi. Ni swali la kwanza la mtu aliyefundishwa kuwa jengo linaanzia ardhini.

Kwa ghorofa sina mjadala. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Nyumba ya chini haianguki namna hiyo, yenyewe huchanika polepole na kula mshahara wako. Ila ukishaweka slabu na watu wakalala juu yake, ukaguzi wa kugonga vigae haukutoshi.

Mhandisi naye ana mipaka. Msingi uliofukiwa hauoni mpaka muuzaji aruhusu kuchimbwa kashimo pembeni ya ukuta, na wengi hukataa. Mambo madogomadogo ya milango inayokwaruza sakafu na silikoni iliyopakwa ovyo huyapita haraka. Kwake si kitu, kwako ni kero ya kila asubuhi. Na hakikisha ni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Omba namba yake ya usajili na uithibitishe kwa bodi yenyewe. Mjini hapa kila anayevaa kofia ngumu huitwa "injinia".

Nikiwapanga wote wanne kwenye ukurasa mmoja wanaonekana hivi:

| | Swali analojibu | Anachokiacha | Unachobaki nacho |
|---|---|---|---|
| Mthamini | Nyumba ina thamani gani leo? | Uimara, unyevu, mifumo | Ripoti ya bei, kwa matumizi ya benki |
| Mpima ardhi | Nyumba imesimama ndani ya mpaka wake? | Jengo lote | Mchoro na vipimo vya bikoni |
| Fundi | Kazi ya umaliziaji ni safi? | Muundo, nyaraka | Maneno, labda orodha uliyoiandika mwenyewe |
| Mhandisi | Jengo litasimama, na limejengwa kama ramani ilivyosema? | Vitu vidogo vya umaliziaji | Ripoti yenye saini na muhuri |

Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipa uzito kuliko wengi wanavyoipa. Muuzaji huogopa karatasi yenye muhuri. Maneno ya fundi huyajibu kwa maneno.

Wakati gani uwaite

Kiangazi nyumba zote ni nzuri. Ukiweza, nenda kaitazame siku ya mvua ya vuli au masika, hata kama umekwisha kuikagua, hata kama umeenda na mwavuli tu. Mikocheni, Msasani na baadhi ya maeneo ya Kigamboni maji ya ardhini yako karibu sana. Mashimo ya choo yanayoonekana makavu Agosti hujaa Aprili bila mtu kuyatumia. Kama huna muda wa kusubiri mvua, waulize majirani, na uwaulize wapangaji. Mwenye nyumba ya jirani ana bei ya kulinda.

Kama nyumba bado inajengwa na unalipa kwa awamu, kama inavyofanyika kwa Shirika la Nyumba la Taifa na waendelezaji binafsi, hesabu inabadilika kabisa. Mhandisi aliyefika mara kadhaa wakati wa ujenzi, nondo zikiwa zimesukwa na zege halijamwagwa, kisha kabla ya plasta, ana faida mara kumi kuliko aliyeletwa siku ya kukabidhiwa funguo. Vitu vyote ninavyovilalamikia hapa vinaonekana kwa macho wiki ile na havionekani tena maisha yako yote. Baadhi ya wauzaji hawaruhusu mnunuzi kuingia eneo la kazi. Uliza hilo kabla ya kulipa awamu ya kwanza na liingizwe kwenye mkataba.

Kwa ndugu zetu walioko Muscat, London au Minneapolis: video ya WhatsApp haina harufu, na mpwa wako anayeshika simu ataelekeza kamera alikoambiwa na dalali. Aliyezoea Uingereza pia asidhani mambo ni yaleyale. Kule nyumba mpya kwa kawaida huja na dhamana ya miaka 10, na miaka miwili ya mwanzo mjenzi anarudi kurekebisha kasoro. Huku dhamana yako ni ile uliyoiandika kwenye mkataba, na usipoiandika huna.

Ningechaguaje

Nyumba ya chini kwenye kiwanja chake, imekwisha jengwa, muuzaji ni mtu binafsi: mpima kwanza, mhandisi wa pili. Mpangilio huo una sababu ya kipesa. Mpima akikwambia fensi yote ya nyuma iko kwenye hifadhi ya barabara, umeokoa ada ya mhandisi. Fundi mlete pia siku ya mhandisi, watembee pamoja. Wakibishana simama karibu usikilize, maana ubishi wao una faida kuliko ripoti.

Kama hela inatosha mtu mmoja tu, na nyumba ni ya chini, nitasema jambo ambalo marafiki zangu mafundi hawatalipenda: mlipe mpima, halafu kazi ya fundi ifanye mwenyewe. Ndoo ya maji, sarafu, testa ya umeme na nusu siku vinakutosha. Mpaka wa kiwanja huwezi kuugonga kwa sarafu.

Nyumba ya ghorofa: mhandisi, hata ikibidi ukope.

Fleti kwenye jengo la mwendelezaji mkubwa ni habari nyingine. Mpima hana kazi kubwa kwako binafsi, na muundo wa jengo zima huwezi kuukagua kwa kununua chumba kimoja. Unachoweza ni kuomba nyaraka za wahandisi wao na kuona kama wanababaika. Hakikisha hati utakayopata ni ya sehemu yako ya jengo chini ya sheria ya mwaka 2008, na ujue nani analipia lifti, pampu na jenereta. Baada ya hapo fundi ndiye mtu wako, pamoja na daftari.

Dada yangu alinunua hivyo miaka miwili iliyopita. Mwanasheria wake aliweka kipengele kwamba asilimia tano ya bei itabaki mkononi mwake mpaka orodha ya kasoro imalizwe. Mhusika wa mauzo alinuna, akasema kampuni haina utaratibu huo, siku ya tatu utaratibu ukapatikana. Dada na fundi walizunguka fleti saa nne wakaandika vitu 41: soketi iliyopinda, kigae kinacholia, dirisha la aluminiamu lisilofunga, chemba ya jikoni inayorudisha harufu. Vitu 38 vilirekebishwa ndani ya wiki mbili. Vitatu vya mwisho vilichukua miezi miwili, simu juu ya simu, mpaka bomba la bafu la wageni liliacha kudondosha na dada akaenda benki kuhamisha ile asilimia tano.